Jeni Iliyogeuka Tarehe

Fungua Excel iliyowekwa kwa Kiingereza, chagua kisanduku chochote, andika SEPT2 kisha bonyeza Enter. Ulichoandika hukioni tena. Mahali pake pamekaa 2-Sep. Programu haikuuliza wala haikuonya. Iliona herufi zinazofanana na Septemba zikifuatwa na tarakimu, ikajiamulia kwamba umekusudia tarehe 2 ya mwezi wa tisa.

Kwa karani wa stoo hiyo ni hisani. Kwa mtafiti wa saratani ni hasara, kwa sababu SEPT2 lilikuwa jina rasmi la jeni ya binadamu. Ilitoka katika familia ya septini, jeni zinazotengeneza protini zinazosaidia seli kugawanyika. Ndugu yake, SEPT9, ndiyo msingi wa kipimo cha damu cha saratani ya utumbo mpana kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2016. Kulikuwa na familia nyingine iliyoitwa MARCH. Humo mlikuwa na MARCH8, ambayo mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba huwapunguzia virusi vya UKIMWI nguvu ya kuambukiza, kwa kuzuia protini ya ganda isifike kwenye kirusi kipya. Excel huigeuza 8-Mar. Mtu anaitafuta jeni yake kwenye jedwali, anakutana na Siku ya Wanawake Duniani.

Watu hucheka wakisikia, nami nilicheka. Lakini kisa hiki, kilichoanza kuandikwa mwaka 2004 na kupata dawa nusunusu mwaka 2023, kina mengi ya kumfundisha yeyote anayejenga vyombo vya kuwarahisishia uchambuzi wa data watafiti wa tiba ambao si wataalamu wa kompyuta. Excel ndicho chombo rahisi kuliko vyote walivyowahi kupewa. Na hicho hicho ndicho kilichowaharibia kazi bila kelele.

Mahali watu wawili wanapokutana

Tuanze na swali ambalo wataalamu hupenda kuliuliza kwa dharau: jeni zinatafuta nini kwenye Excel?

Binadamu ana takriban jeni 20,000 zinazotengeneza protini. Ukitaka kujua zipi zimepandisha kazi na zipi zimeshusha ndani ya uvimbe wa saratani, unalinganisha tishu yenye ugonjwa na tishu salama, mashine inakutolea data ghafi, na mtaalamu wa takwimu anaichakata kwa lugha za kuandikia programu kama R au Python. Mwisho wa safari hiyo hutoka faili la maandishi lenye mistari elfu kadhaa: jina la jeni, kiwango cha badiliko, na kipimo cha uhakika. Faili hilo lazima lirudi kwa mtu anayeujua ugonjwa wenyewe, aliyekaa na wagonjwa, aliyechukua sampuli, ambaye akiona jina fulani katika mstari wa 40 moyo unamruka kwa sababu analikumbuka kutoka makala ya miaka kumi iliyopita. Mtu huyo haandiki R, wala hakuna sababu ya kumlazimisha. Anabofya faili mara mbili, nalo linafunguka kwenye Excel.

Hapo ndipo mahali penyewe. Kubofya mara mbili ndiko kunakowakutanisha mwenye hesabu na mwenye ugonjwa, na ndiko kunakolivuruga faili. Akilihifadhi baada ya kupanga safu au kupaka rangi mistari michache, madhara yameshaandikwa ndani yake. Safu yenye jeni elfu kumi hakuna anayeikagua jina kwa jina.

Wa kwanza kuliandika jambo hili walikuwa Barry Zeeberg, John Weinstein na wenzao wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, huko Bethesda, mwaka 2004. Enzi hizo data nyingi zilitoka kwenye chipu za DNA. Waliona baadhi ya majina ya jeni katika data yao yanageuka vitu visivyo jeni, wakafuatilia unyayo mpaka Excel. Mfano wao mmoja ni DEC1, jeni iliyopewa jina kutokana na kupotea kwake katika saratani ya umio. Excel iliisoma kuwa mosi Desemba. Walihesabu majina yasiyopungua 30 yaliyo katika hatari ya kugeuka tarehe. Wakagundua pia kundi la pili, kubwa zaidi na baya zaidi: vitambulisho vya maktaba ya jeni ya RIKEN, taasisi ya utafiti ya Japani, kama 2310009E13. Excel ikiona E katikati ya tarakimu huhesabu kwamba ni nambari ya kisayansi, yaani 2310009 ikifuatwa na sifuri 13, kisha inaikunja iwe 2.31E+19. Tarakimu za katikati hazionekani tena, na faili likihifadhiwa kama CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, zimekwenda moja kwa moja. Vitambulisho vya namna hiyo vilivyo hatarini walivihesabu kuwa si chini ya 2,000.

Neno walilolisisitiza ni kwamba mabadiliko haya hayarudi nyuma. Inafaa kulieleza, kwa sababu wengi hudhani ni suala la kubadili muonekano wa kisanduku. Excel haihifadhi tarehe kama maandishi. Inahifadhi idadi ya siku zilizohesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1900, na mwaka usipotajwa hutumia mwaka uliopo. Mtu aliyefungua faili mwaka 2016 akaona 2-Sep, kisha akabadili kisanduku kiwe maandishi kwa matumaini ya kuirudisha SEPT2, alipata 42615. Hizo ni siku. Jeni haimo tena mle ndani. Kuna mtego mwingine pia: kulikuwa na jeni MARCH1, inayohusika na kinga ya mwili, na jeni MARC1, inayofanya kazi kwenye mitokondria. Excel inazigeuza zote mbili 1-Mar. Ukikuta 1-Mar mbili katika orodha moja, utajuaje ipi ni ipi? Kama safu nyingine ya vitambulisho haipo pembeni, huwezi.

Kuhesabu uharibifu

Miaka 12 ikapita. Onyo la Bethesda lilikuwa limechapishwa na mtu yeyote aliweza kulisoma bure, tena lilieleza namna ya kukwepa tatizo: wakati wa kuingiza faili, iambie Excel kwamba safu ya majina ni maandishi. Mwaka 2016 Mark Ziemann, Yotam Eren na Assam El-Osta, wakiwa taasisi ya Baker IDI mjini Melbourne, waliamua kupima onyo hilo lilisikika kiasi gani. Hawakutumia dodoso. Waliandika programu ya kupakua viambatisho vya Excel kutoka majarida 18 vya miaka 2005 hadi 2015, jumla ya mafaili 35,175, na kutafuta ndani yake tarehe na nambari zilizokaa mahali pa jeni.

Walipata makala 3,597 zilizokuwa na orodha za jeni. Kati ya hizo, 704 zilikuwa na majina yaliyoharibika. Moja katika kila tano. Nature lilikuwamo miongoni mwa majarida yaliyovuka kiwango hicho, kwa hiyo kisingizio kwamba haya ni makosa ya wachanga kilikufa papo hapo. Kila moja ya makala zile ilikuwa na waandishi kadhaa, wahakiki, mhariri, na kwa kawaida angalau mtaalamu mmoja wa takwimu. Wote waliipita 2-Sep bila kuiona, au waliiona wakadhani ni jambo la kawaida.

Mwaka 2021 Ziemann na wenzake wapya, sasa katika Chuo Kikuu cha Deakin, walirudia zoezi kwa makala za 2014 hadi 2020. Safari hii makala zenye orodha za jeni zilikuwa 11,117, na zenye makosa 3,436. Hiyo ni asilimia 30.9. Wavu wao wa pili ulikuwa mpana zaidi na wenye matundu madogo zaidi, kwa hiyo si haki kusema moja kwa moja kwamba watafiti walizidi kuzembea. Kinachoweza kusemwa ni kwamba hali haikupungua, licha ya utafiti wa kwanza kuzungumzwa mno.

Katika utafiti huo kuna jambo dogo lililonivutia kuliko asilimia zote. Waligundua kwamba Excel huharibu jeni tofauti kufuatana na lugha ya kompyuta. Kwa Kihispania na Kireno, AGO2, jeni maarufu sana kwa wanaosoma RNA ndogo, inageuka mwezi wa nane, kwa sababu ya agosto. Kwa Kifini ni TAMM41 inayogeuka Januari, maana Januari yao ni tammikuu. Na kwa Kiholanzi ni MEI1, inayogeuka mwezi wa tano. Sisi hatuhitaji kufafanuliwa hiyo ya mwisho: mei ya Mholanzi na Mei ya Mswahili ni sauti moja. Maana yake ni kwamba maabara mbili zinazoshirikiana, moja Amsterdam na nyingine Madrid, zinaweza kufungua faili lile lile na kila moja ikapoteza jeni yake, bila yoyote kuona hasara ya mwenzake.

Je, kuna mgonjwa aliyeumia? Kuwa mkweli hapa kunasaidia. Jeni zinazoharibika ni chache kati ya maelfu, na mara nyingi hitimisho kuu la makala halizitegemei. Hasara inamwangukia anayekuja baadaye. Mwanafunzi anachukua orodha kumi kutoka makala kumi, anaziunganisha kwa majina, na kompyuta inatupa kimya kimya mistari isiyooana. Septini zinakosekana katika matokeo yake. Hajui kama zimekosekana kwa sababu hazina kazi katika ugonjwa ule au kwa sababu mtu alibofya faili mara mbili mwaka 2009.

Ukuta

Mwezi Agosti 2020 ikatoka habari iliyoshangaza hata wasiojali jeni. Kamati inayotoa majina rasmi ya jeni za binadamu, HGNC, yenye makao Hinxton karibu na Cambridge, ilichapisha mwongozo mpya katika jarida la Nature Genetics. Humo ilieleza kwamba majina yanayovuruga utunzaji wa data yamebadilishwa. SEPT1 ikawa SEPTIN1, MARCH1 ikawa MARCHF1, MARC1 ikawa MTARC1, na DEC1 ya saratani ya umio ikawa DELEC1. Vyombo vya habari vilitaja jeni 27 hivi zilizopewa majina mapya katika kipindi cha takriban mwaka mmoja.

Wengi waliona ni aibu. Sayansi nzima imeinamia programu ya wahasibu! Kwa nini biolojia ihame badala ya Microsoft? Waswahili wana msemo ulio tayari kwa hali hii: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ulionekana 2004, ukapimwa 2016, na waliojenga ukuta mwaka 2020 hawakuwa wenye nyumba.

Hata hivyo mimi nawatetea watu wa Hinxton. Walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuendelea kuwahimiza mamia ya maelfu ya watafiti wakumbuke kubadili mpangilio kila wanapofungua faili, njia ambayo ilikuwa imeshindwa kwa miaka 16. Ya pili ilikuwa kuondoa mtego barabarani. Waliokwisha kufundisha darasa lolote la kompyuta wanaijua tofauti hiyo. Onyo humfikia aliyehudhuria siku ile. Jina jipya humfikia hata asiyejua kwamba kulikuwa na tatizo, na huyo ndiye tunayemzungumzia tunaposema mtafiti asiye mtaalamu.

Gharama haikukosekana. Makala za miaka mingi zinasema MARCH8, na anayetafuta MARCHF8 peke yake hazioni. Na jina jipya halirekebishi kiambatisho cha zamani. 1-Mar ya mwaka 2011 itabaki 1-Mar. Kuna vyombo vya kusaidia, kama HGNChelper ya lugha ya R, inayotambua tarehe zilizotokana na jeni na kupendekeza jina sahihi, lakini penye utata wa MARCH1 na MARC1 nayo haina uganga.

Miezi miwili baada ya habari ile, Uingereza ilipata somo la aina moja katika jambo zito zaidi. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, 2020, visa 15,841 vya UVIKO-19 havikuingia katika takwimu za kila siku, kwa sababu matokeo ya maabara yalikuwa yakipitishwa kwenye muundo wa zamani wa Excel, XLS, unaobeba mistari 65,536 tu. Mistari iliyozidi iliachwa nje. Waliokutana na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa. Kosa si lile lile, lakini tabia ya chombo ni ile ile: kimefika kikomo cha uwezo wake, na kimenyamaza.

Kitufe kilichochelewa

Oktoba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba mtumiaji wa Excel kwenye Windows na Mac anaweza kuzima ugeuzaji huu. Unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya data, unaondoa alama kwenye kinachogeuza herufi na tarakimu kuwa tarehe. Unaweza pia kuzuia ile E isizae nambari ya kisayansi, na sifuri za mwanzo zisifutwe (jambo litakalowafurahisha wote waliowahi kuona namba za simu za 07 zikipoteza sifuri yake).

Ni jema, na limechelewa karibu miongo miwili. Lakini tazama linamfaa nani. Mpangilio wa kawaida haukubadilika. Mtumiaji ndiye anayepaswa kwenda kuzima. Atakayekwenda ni yule anayejua kwamba tatizo lipo, yaani yule aliyekuwa tayari anajilinda. Daktari wa wodi aliyeletewa jedwali kwa barua pepe hatauona ukurasa huo maisha yake yote.

Katika mabadiliko hayo kuna kisanduku kimoja cha kuwekea alama ambacho kingetosha chenyewe. Ni kile kinachoiambia Excel imjulishe mtumiaji pale inapofungua faili la CSV na kukuta kitu inachotaka kukigeuza. Inauliza tu: nimeona vitu vinavyofanana na nambari au tarehe, nivigeuze au niviache? Sentensi moja. Mtu hahitaji kujua R ili aijibu. Anahitaji kujua kwamba SEPT2 ni jeni, na hilo analijua kuliko programu yoyote.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema dawa ni kila mtafiti ajifunze kuandika programu. Ajifunze anayeweza, nami namtia moyo. Lakini aliyefungua faili hakukosa ujuzi wa kompyuta. Alikosa kuulizwa. Wanaojenga vyombo rahisi mara nyingi hudhani urahisi ni kumpunguzia mtu maswali, wakati mengine kati ya maswali hayo ndiyo pekee ambayo mtu huyo angeweza kuyajibu vizuri.

Kuna waliojenga kwa namna nyingine. Mwaka 2005, Anton Nekrutenko na James Taylor wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walianzisha Galaxy, mfumo unaofunguka kwenye kivinjari cha kawaida, ambamo mtafiti anapakia data ya DNA, anachagua chombo kwenye orodha, anajaza fomu na kubonyeza. Haandiki amri hata moja. Kinachoutofautisha ni upande wa kulia wa ukurasa, palipo na historia: kila hatua imeandikwa, chombo gani, toleo gani, kwa mipangilio ipi, na hatua ya mwanzo bado ipo haijaguswa. Kitu kikigeuka, unaona kiligeukia wapi. Taylor alifariki Aprili 2020, na mradi unaendelea, ukiwa na vituo vikubwa Marekani, Freiburg nchini Ujerumani, na Australia, vinavyotumika bure.

Barani Afrika hitaji hilo lilishikwa na mtandao wa H3ABioNet, ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 2016 uliendesha kozi ya utangulizi wa bayoinfomatiki, yaani uchambuzi wa data za biolojia kwa kompyuta, kwa njia niliyoiona ya busara: mihadhara inatoka mbali kwa video, lakini wanafunzi wanakaa pamoja darasani katika chuo chao, na mkufunzi msaidizi yupo nao chumbani. Waliojiandikisha walikuwa 364, katika taasisi 20 za nchi 10. Mkufunzi wa chumbani ndiye aliyenivutia. Mtandao ukikatika, au matokeo yakitoka ya ajabu, kuna mtu wa kumgeukia na kumwambia, hebu njoo uone hiki.

Kwa anayefanya kazi na majedwali haya leo, mambo mawili yanatosha. Usifungue faili la jeni kwa kubofya. Fungua Excel tupu kwanza, liingize kupitia menyu ya data, na uweke safu ya majina kuwa maandishi kabla ya kupakia. Na pembeni ya jina la jeni weka safu ya kitambulisho cha Ensembl, hazina ya data za jeni, kile kinachoanza na ENSG, kwa kuwa hakuna mwezi wa lugha yoyote unaofanana nacho. Jina likiharibika, kitambulisho kitakurudishia.

Mwanafunzi wa Galaxy naye asijione ameokoka. Hatua zake zote 12 zimehifadhiwa kwenye historia, safi kabisa. Ya 13 ni kupakua jedwali la mwisho na kumtumia msimamizi wake, ambaye atalibofya mara mbili.